Siku tisa nikifuata maji: kutoka Lindisfarne hadi Maldon

Siku ya 1: Leicester hadi Berwick-upon-Tweed

Mpwa wangu aliponiuliza ningependa kuona nini Uingereza, nilimjibu kwamba nataka kuona mahali Waingereza walipopigwa. Alicheka mpaka akaegesha gari pembeni, lakini mimi sikuwa natania. Nimefundisha historia sekondari miaka 31, Pangani na Tanga, na miaka yote hiyo Mwingereza ubaoni kwangu alikuwa mtu anayeshuka melini na bendera. Nilitaka kabla sijafa nimwone na yeye kasimama ufukweni, anatazama matanga ya wenzake yanakuja.

Basi leo tumeondoka Leicester alfajiri. Mpwa ni dereva, mimi ni mshika chupa ya chai. Dada yangu, mama yake, alitufungia maandazi ya wiki nzima. Hayakufika Newcastle.

Njiani nimempa somo, apende asipende. Katika karne ya 5 Waangli, Wasaksoni na Wajuti walivuka kwa mashua kutoka pwani za Ujerumani na Denmark ya leo, wakaichukua nchi, wakagawana. Vitabu hupenda kuhesabu falme zao saba: Northumbria, Mercia, East Anglia, Wessex, Essex, Kent na Sussex. Zikamezana kama papa. Kufikia katikati ya karne ya 9 zenye kujitegemea zilikuwa zile nne za mwanzo.

"Na hao Wavikingi, Mjomba, walitoka wapi?"

"Denmark na Norway."

"Si kulekule?"

"Karibu na kulekule."

Akaendesha kimya kidogo. "Basi ni ndugu waliochelewa."

Ningekuwa bado kazini ningempa alama zote. Berwick tumefika saa tatu na nusu usiku, na jua la Juni lilikuwa halijatua. Magharibi ya huku inamchosha mtu kuisubiri.

Siku ya 2: Lindisfarne

Mpwa wangu anaiamini simu kuliko macho. Simu ilisema kutoka Berwick mpaka kisiwani haifiki nusu saa. Haikusema kwamba mwisho wa barabara hiyo unapita baharini, na kwamba bahari huja kuidai mara mbili kwa siku. Tulipofika, lami ilikuwa imezama ndani ya maji taratibu, bila wasiwasi, kama pantoni ya Pangani inavyoingia gatini. Pembeni pana ubao wenye picha ya gari lililozama hadi madirishani.

"Tusubiri tu, yatapungua," akasema.

Nikamwambia yanajaa. Povu lilikuwa linatambaa kuja kwetu. Mtoto huyu ni mpwa lakini kupwa hakujui; aliondoka Tanga ana miaka saba, simlaumu.

Tumekaa pale saa nne. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka boriti na nazi Unguja na Pemba, na nyumbani kwetu hata harusi haikupangwa kabla ya kuuliza kama ni bamvua au maji mafu. Nikamweleza mpwa hayo yote. Tukajikuta hatuna chai.

Maji yalipopwa tukavuka. Kulia kwetu kulikuwa na safu ndefu ya nguzo zilizochomekwa mchangani, njia ya mahujaji tangu zamani, na katikati ya barabara kuna kibanda cheupe juu ya miguu mirefu, cha kukimbilia aliyekadiria vibaya.

Monasteri ya hapa ilianzishwa mwaka 635 na Aidan, mtawa aliyeitwa kutoka kisiwa cha Iona, Scotland, na mfalme Oswald wa Northumbria. Magofu yanayoonekana leo si yake, ni ya karne ya 12. Kuta za watawa wa kwanza zimekwenda. Kilichobaki cha uvamizi wa Wavikingi hapa ni jiwe moja la kaburi katika makumbusho ya hapahapa, dogo tu, ungelipita. Upande mmoja wamechongwa watu saba kwa safu, wamenyanyua panga na mashoka. Nimelitazama muda mrefu. Aliyechonga hakuhangaika na sura za watu. Amehangaika na mikono iliyo juu.

Ilikuwa tarehe 8 Juni 793. Kumbukumbu zao za mwaka kwa mwaka zinasema kabla ya hapo watu waliona vimbunga, radi na majoka ya moto angani. Kisha wapagani wakaja na bahari, wakaua watawa, wakapora kanisa. Habari ikamfikia Alcuin, msomi wa York aliyekuwa akimtumikia Charlemagne, mfalme wa Wafranki, naye akaandika barua za maombolezo. Ndani yake kuna jambo linalonishangaza kila nikilisoma: anasema hakuna aliyedhani safari kama ile kwa bahari inawezekana.

Sasa yeye babu zake walifikaje? Si kwa bahari hiyohiyo, kutoka ng'ambo hiyohiyo? Pale Sutton Hoo, Suffolk, mwaka 1939 ilifukuliwa alama ya meli ya karibu mita 27 ambamo mtu mkubwa wa Kiangli alizikwa mwanzoni mwa karne ya 7. Watu wanaozikwa ndani ya meli! Lakini miaka mia na ushei baadaye wajukuu wao wanashangaa kuona tanga. Walikuwa wamegeuka wakulima na wasoma vitabu, na wakajenga nyumba zao tajiri kabisa ufukweni, pasipo ukuta, wakiamini bahari ndiyo ukuta.

Kwa Mvikingi bahari ilikuwa barabara. Mashua yake ilikuwa ya mbao zilizopandana ukingo juu ya ukingo, zikashikwa kwa misumari ya chuma, na mkuku imara, na tanga moja, na makasia. Nyepesi, na haihitaji kina. Haina haja ya bandari. Inapanda mchangani, inashusha watu, inasukumwa, inaondoka. Baba angeifahamu bila kuelezwa.

Siku ya 3: Durham, na Jarrow mbiombio

Watawa wa Lindisfarne walishikilia mpaka mwaka 875, kisha wakabeba mwili wa mtakatifu wao Cuthbert, aliyekufa mwaka 687, wakahama. Miaka saba walizunguka na jeneza. Wakatua Chester-le-Street mwaka 883, na mwaka 995 wakafika hapa Durham, juu ya mwamba uliozungukwa na mto karibu pande zote. Safari hii walichagua pahali vizuri.

Kanisa kuu lilianza kujengwa mwaka 1093 na nguzo zake zimenitisha. Mbao za jeneza la Cuthbert zipo kwenye hazina ya kanisa, na msalaba wake wa dhahabu uliokutwa kifuani mwake kaburi lilipofunguliwa mwaka 1827. Kilichonishika ni kitambaa: stola iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu mwanzoni mwa karne ya 10, zawadi iliyoletwa mwaka 934 na mfalme Athelstan wa kusini. Marehemu mama alikuwa mshona kofia. Najua macho ya mtu huishia wapi katika kazi ya namna ile.

Bede naye kalala hapa. Mwanahistoria mwenzangu, kama atanisamehe. Alikufa Jarrow mwaka 735, akawa hakuyaona hayo ya Wavikingi. Jarrow yenyewe tumeipitia mvua ikinyesha, tukakaa robo saa.

Siku ya 4: York

Hii ndiyo siku niliyochoka na kufurahi kuliko zote.

Kwanza majina. Mji mzima barabara zinaitwa Micklegate, Stonegate, Coppergate, na mpwa akawa anatafuta malango. "Gate" hapa si lango la Kiingereza. Ni neno la Kinorwe la kale, maana yake barabara. Ukisema Coppergate umesema barabara ya wachonga vikombe vya mbao, na umeisema kwa lugha ya waliouteka mji.

Waliuteka hivi. Mwaka 865 lilitua East Anglia jeshi ambalo kumbukumbu zinaliita Jeshi Kubwa. Halikuja kupora na kurudi, lilikuja kukaa. Watu wa East Anglia hawakupigana, waliwapa farasi ili waondoke. Mwaka uliofuata wakaondoka, juu ya farasi haohao, wakaingia York tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote. Northumbria wakati huo ilikuwa na wafalme wawili, Osberht na Ælla, wanagombania kiti. Walipopatana, Machi 867, wakaja pamoja kuukomboa mji, wakafa pamoja. Na wale waliotoa farasi? Walirudiwa mwaka 869, mfalme wao Edmund akauawa. Ukimlisha mamba leo, kesho anakujua kwa jina.

Mwaka 876 kiongozi wao Halfdan aliwagawia watu wake ardhi ya Northumbria, na mwandishi wa kumbukumbu anasema wakaanza kulima. Nimeupenda ufupi wake. Mtu ameandika jembe, na msomaji anajua kwamba hawa hawaondoki tena.

Coppergate ilichimbwa kati ya 1976 na 1981, na chini yake udongo mbichi ulikuwa umehifadhi kila kitu: mbao za nyumba, viatu, soksi ya sufu, vitu kama 40,000. Sasa pamejengwa makumbusho ya Jorvik, unapandishwa kwenye kigari kinachokupitisha mtaani mwa Wavikingi, pamoja na harufu. Mpwa aliziba pua. Mimi nilinusa soko la samaki na vyoo vya shimo, nikajisikia nyumbani.

Humo kuna kitu ambacho watoto wote hukikimbilia, nami nikakikimbilia: kinyesi cha Mvikingi mmoja, kimegeuka jiwe, sentimita kama 20, kiliibuliwa mwaka 1972. Wataalamu wamekipima: alikula nyama na mkate, na tumbo lilijaa mayai ya minyoo. Mwaka 2003 kilianguka wakati kinaonyeshwa kwa wageni kikavunjika vipande vitatu, wakakiunga. Mpwa ananiambia nisiandike habari hii. Nimeandika.

Lakini kilichonifanya nisimame mpaka foleni ikanisukuma ni simbi. Kauri moja, ya aina inayotoka Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Na hariri, na dirhamu ya kughushi, imeigwa sarafu za Samarkand. Maji yetu yale, upande wa juu kidogo tu ya Pwani yetu, yamefika mpaka mtaa huu wa baridi kwa mikono ya watu tunaoambiwa walijua shoka peke yake.

Mfalme wao wa mwisho York, Erik aitwaye wa Shoka la Damu, aliuawa mwaka 954 huko Stainmore.

Siku ya 5: Repton

Kijiji kidogo, kanisa lenye mnara mwembamba, shule, kimya. Hakuna anayekuambia kwamba hapa palizikwa wafalme wa Mercia.

Chini ya kanisa kuna chumba cha mazishi chenye nguzo nne zilizosokotwa kama kamba. Tuliinama kuingia. Mnamo 1779 mtu aliyekuwa anachimba kaburi ndipo alipotumbukia humo, kilikuwa kimesahaulika. Mercia ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote karne ya 8, wakati wa Offa, aliyekufa mwaka 796. Nilimwambia mpwa habari ya dinari ya Offa akadhani namtania: sarafu ya dhahabu, imeigwa dinari ya Bani Abbas ya mwaka 157 Hijria, ina maandishi ya Kiarabu, kalima nzima, na katikati, kichwa chini miguu juu, OFFA REX. Iko British Museum. Mchongaji hakuwa anasoma alichokichonga. Mfalme Mkristo kabisa, na fedha yake inashuhudia Muhammad ni Mtume wa Mungu. Biashara haina kabila.

Jeshi Kubwa lilikuja hapa kupitisha kipupwe cha 873 hadi 874. Walichimba handaki lenye umbo la nusu duara, ncha zake zikiegemea mto Trent, na kanisa wakaligeuza sehemu ya ngome. Mfalme Burgred akakimbilia Roma, asirudi. Mto siku hizi umehama, tulitembea kuutafuta. Kutoka hapa bahari huisikii hata kwa hadithi, ila wao walikuja na mashua mpaka hapa. Watu wa Mercia walidhani wako bara. Kwa mtu mwenye mashua nyepesi hakuna bara, kuna mito tu.

Wachimbaji wa miaka ya 1970 na 1980 waliikuta mifupa ya watu wasiopungua 264, wengi wanaume vijana, na shanga la akiki pia, jiwe linalodhaniwa limetoka Gujarat. Akiki hiyohiyo tunaiokota kwenye magofu ya Pwani yetu. Kwa muda mrefu mifupa ilileta ubishi, maana vipimo vya kaboni vilionyesha mingine ni ya zamani kuliko jeshi lenyewe. Mwaka 2018 wakapata sababu: wale marehemu walikuwa walaji wa samaki. Kaboni ya baharini ni kuukuu, na anayekula bahari mifupa yake huonekana mizee. Walipoirekebisha hesabu, yote yakaangukia karne ya 9. Nimejiuliza mimi nikifukuliwa wataniandikia miaka mingapi.

Siku ya 6: Tamworth, halafu nyumbani kufua

Nusu siku tu. Tulivuka Watling Street, barabara ya Kirumi ambayo leo ni A5. Ilikuwa sehemu ya mpaka katika mkataba wa Alfred, mfalme wa Wessex, na Guthrum, mkuu wa Wadenmark: huku Waingereza, kule Wadenmark. Leicester anakoishi mpwa ilikuwa kule, mmoja wa miji mitano ya Wadenmark, pamoja na Derby, Nottingham, Lincoln na Stamford.

Tamworth ni kwa ajili ya Æthelflæd, binti wa Alfred. Mumewe alikufa mwaka 911, Mercia ikamkubali yeye atawale. Akajenga mji wa boma baada ya mji wa boma, huu ukiwa mmoja, mwaka 913. Derby akaiteka mwaka 917. Mwaka 918 Leicester ikamfungulia bila vita. Watu wa York walikuwa wameshaahidi kumtii alipofariki hapa Tamworth tarehe 12 Juni. Akaachiwa bintiye kiti, na miezi haijapita mingi kaka mtu, Edward wa Wessex, akamchukua mtoto, akachukua na ufalme.

Jioni mke wa mpwa aliisikiliza hadithi hii akikuna nazi. "Kwa hiyo dada kajenga, kaka kahamia," akasema, hakuongeza neno.

Siku ya 7: Athelney, Somerset

Nilikuja kuona maji, nikakuta ng'ombe.

Nyanda hizi zilikaushwa kwa mifereji karne kwa karne, na mwezi wa Juni ni majani matupu. Kisiwa cha Athelney ni mwinuko ambao baiskeli isingeuhisi, una mnara mdogo uliosimamishwa mwaka 1801. Tukapanda kilima cha Burrow Mump jirani, na pale juu ndipo nikaelewa. Ukiyarudisha maji kwa akili, chini yote ni kinamasi: matete, vichaka, vijito visivyokuwa na mwisho, na vilima vichache vikielea.

Januari 878, sikukuu za Krismasi hazijapoa, Guthrum alimvamia Alfred kule Chippenham. Northumbria ilikuwa imekwenda, East Anglia imekwenda, Mercia nusu. Wessex ndiyo iliyobaki, na mfalme wake akakimbia na watu wachache kuingia huku. Kila mtoto wa Uingereza anajua hadithi ya mkate: mfalme kajificha kwa mama mmoja maskini, kaambiwa atazame mikate jikoni, mawazo yakamchukua, ikaungua, akatukanwa. Hadithi hiyo iliandikwa miaka kama mia baadaye, kwa hiyo sikuitia katika daftari la ukweli. Lakini mpwa kaipenda, kwa sababu mke wake amewahi kumwachia wali.

Cha ukweli kinanitosha. Pasaka ya mwaka huo Alfred alijenga ngome hapa, na kutoka mateteni humu akawa anawashambulia Wadenmark na kutoweka. Tazama kilichogeuka. Miaka 85 Wavikingi ndio waliokuwa wakitoka majini, kupiga na kurudi majini. Sasa wao ndio wenye nyumba, ndio wanaolinda maghala, na mfalme wa wakulima ndiye anayetoka na mtumbwi gizani. Wenyeji wa Somerset waliijua mikondo yao. Guthrum, mwana wa bahari, hakuijua njia ya kinamasi.

Mwaka 1693, si mbali na hapa, North Petherton, kiliokotwa kijipambo cha dhahabu na enameli, kina maandishi: Alfred aliagiza nitengenezwe. Kiko Oxford. Sikuweza kwenda, mpwa ana kazi wiki ijayo.

Siku ya 8: Edington hadi Winchester

Edington tumeipita. Hapo mnamo Mei 878 Alfred alitoka kinamasini, akakusanya watu wa Somerset, Wiltshire na Hampshire, akamvunja Guthrum, akamfuata mpaka ngomeni, akamzingira siku 14 hadi akasalimu. Kisha akambatiza. Alfred mwenyewe akawa baba wa ubatizo, Guthrum akapewa jina Athelstan, na wakakaa pamoja siku 12 wakila. Mpwa kauliza kwa nini hakumuua. Mtu ukishamfanya mtoto wako, nimemwambia, akikupiga tena aibu ni yake. Tena nyuma ya Guthrum walikuwapo wengine. Ukimuua huyu utazungumza na nani?

Winchester kuna sanamu ya Alfred ya mwaka 1901, kubwa, kauinua upanga mpini ukiwa juu, kama msalaba. Mimi nilitaka ukuta. Alfred na mwanawe Edward waliijaza Wessex miji ya boma zaidi ya 30, ili mwananchi awe mwendo wa siku moja tu kutoka kimbilio. Hesabu ya walinzi imebaki kwenye maandishi: watu wanne kwa kila mita tano za ukuta. Winchester iliandikiwa 2,400. Piga hesabu unapata mita kama 3,000, na ukuta wa Kirumi wa mji huu ukipimwa unakaribia hapohapo. Mwalimu wa hesabu wa shule yangu angelia kwa furaha.

Na meli. Mwaka 896 Alfred aliunda meli zake, karibu mara mbili ya urefu wa zile za Wadenmark, nyingine zenye makasia 60 au zaidi, kwa umbo alilolibuni mwenyewe. Tisa zikazikuta meli sita za Wadenmark kwenye hori moja la kusini. Zikapigana vizuri, kisha maji yakapwa. Meli kubwa zikakwama matopeni, tatu upande wa adui, zilizosalia upande wa pili, haziwezi kusaidiana. Wadenmark wakashuka wakaja kwa miguu juu ya tope, wakachinjana: 62 upande wa mfalme, 120 upande wao. Halafu maji yakaanza kujaa, na mashua zao nyepesi zikaelea kwanza. Wakapiga makasia wakaondoka, wamejeruhiwa, na meli za mfalme zimelala ubavu zinawatazama.

Nimecheka peke yangu barabarani. Nilitamani baba awepo. Nahodha yeyote wa Pangani angemwambia mfalme: merikebu ndefu yenye tumbo usiiingize horini maji yakiwa yanakwenda. Lakini sikucheka mpaka mwisho. Mashua mbili za wale waliotoroka zilitupwa na bahari pwani ya Sussex, watu wake wakaletwa hapa Winchester mbele ya Alfred, akaamuru wanyongwe. Pengine ukutani nilipokuwa nimeegemea.

Ndani ya kanisa kuu kuna masanduku ya mifupa ya wafalme, yaliyovurugwa na askari mwaka 1642. Mmojawapo ni Cnut, Mdenmark, mfalme wa Uingereza yote. Nikamwambia mpwa: hiyo ni ya kesho.

Siku ya 9: Maldon, Essex

Mpwa ameamka mapema akaleta ratiba ya maji, ameichapisha. Sikusema kitu.

Maldon ni mji wa chumvi. Gatini kuna majahazi ya Thames, matanga mekundu ya kahawia, chini bapa, yanakaa juu ya tope maji yakipwa bila kulalia ubavu. Nimeyazunguka yote. Mzee mmoja aliyekuwa akipaka lami aliniuliza kama ninajua mashua. Nikamwambia baba alijua. Tukazungumza saa nzima, yeye kwa Kiingereza cha Essex na mimi kwa vidole.

Agosti 991 Wavikingi walikuwa wametua kisiwa cha Northey, ng'ambo ya njia nyembamba inayofunikwa na maji. Kiongozi wa Essex, Byrhtnoth, mtu mzima mwenye mvi, akapanga watu wake upande wa bara. Shairi la vita hiyo limebaki, mistari 325. Mwanzo na mwisho wake havipo. Linasema Wavikingi walidai fedha ili waondoke, akakataa. Maji yakiwa yamejaa hakuna aliyeweza kumfikia mwenzake. Yalipopwa, watu watatu wa Byrhtnoth waliziba ile njia, adui akashindwa kupita. Akaomba: turuhusuni tuvuke, tupigane sawasawa. Byrhtnoth akawaruhusu. Akafa, na wengi wake wakafa naye.

Kwa nini? Shairi linatumia neno ambalo wasomi wanagombana nalo mpaka leo, kiburi au moyo mkuu. Mpwa anasema kiburi. Mimi sina hakika. Kama angewaacha wangepanda mashua zao na kwenda kuchoma mji mwingine usio na jeshi. Kuwavutia hapa ndiyo nafasi pekee ya kuwashika watu wasioshikika. Lakini maji yalikuwa upande wake, na yeye akayaachilia.

Mwaka huohuo zikalipwa pauni 10,000 za fedha kununua amani. Ikawa desturi. Kila waliporudi bei ilipanda, mpaka mwaka 1018, Cnut akiwa kiti cha enzi tayari, nchi ikatoa 72,000 na London peke yake 10,500, ili awalipe mabaharia wake waende kwao. Akabakiza meli 40.

Mchana tumefika mwanzo wa njia ya Northey. Nyembamba kweli, matope pande zote mbili, ndege wanadonoa. Tumetembea hadi karibu na katikati. Nikawa napima kwa macho: watu watatu, bega kwa bega, ndiyo, inazibika. Nikamwonyesha mpwa pale ambapo ningesimama mimi. Nikawa naeleza bado, mkono juu, nimekipa mgongo kisiwa.

"Mjomba," akasema, "tugeuke."

Nikatazama chini. Kwenye kijifereji pembeni ya kiatu changu unyasi ulikuwa unakwenda upande wa bara.